Namba ya Batul bado iko ukutani Kawangware

Saa mbili asubuhi, Kisumu Ndogo, Kibera, na Batul Fadul amepiga magoti mahali ambapo hakuna mchoraji wa mabango anayepiga magoti.

Mbele yake ni ukuta wa duka lililofungwa, wenye picha aliyoichora mwenyewe. Nyuma yake ni mtaro, na ng'ambo ya mtaro ni meza ya omena, dagaa wa ziwani, ya jirani yake Trizah, inayovuta wateja na nzi kwa kipimo kimoja. Batul ana brashi ya inchi moja, mkebe wa rangi nyeupe na kitambaa begani. Anaandika chini kabisa, kwenye ule mkanda mweusi ambao kuta nyingi za mtaa huu hupakwa kuanzia ardhini hadi gotini.

"Mama Sumaya, hapo si utarukiwa na maji?" anauliza mwanamke anayepita na jerikeni, akimwita Batul kwa jina la bintiye.

"Wacha yaruke."

"Na hiyo rangi yako itakaa kweli?"

"Ikifutika nitarudi niandike tena."

Simu inalia kwenye mfuko wa aproni. Batul anaitazama kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua, halafu anaipokea.

"Hapana, dada. Si mimi. Mimi ni mchoraji tu. Niambie kwanza, umeshatoa pesa?" Anasikiliza. "Basi usitoe. Usitoe hata shilingi. Ngoja nikueleze..." Upande wa pili wamekata.

Simu hizi zinatoka Kawangware. Huko kuna ukuta mwingine aliouchora yeye, wenye picha ileile, na mwisho wa mwezi huu akina mama wa eneo la Gatina watatoa akiba zao kwa kuuamini ukuta huo. Batul anataka kuuandika kama anavyouandika huu. Amezuiwa.

Picha yenyewe, kwa anayeiona mara ya kwanza, inapendeza. Ni nguzo za rangi mbili zilizosimama jozi jozi, mwaka baada ya mwaka, kuanzia 2004 hadi juzi juzi. Bluu ni Kenya, nyekundu ni Uganda, na pembeni kuna kipimo: MABILIONI YA SHILINGI. Juu yake kumeandikwa kwa herufi nene: MIKOPO YA NDANI, KENYA NA UGANDA. Halafu: WENZETU WAMETUPITA. VUKA UKUE.

Vuka Ukue ndilo jina la kampuni iliyolipia. Mikopo ya ndani, kwa lugha ya sokoni, ni pesa ambazo mabenki ya nchi yameikopesha serikali na kuwakopesha watu wake, ukitoa zile ambazo serikali yenyewe imeweka kwenye mabenki hayo. Hesabu hiyo ipo kweli, na mwenye simu anaweza kuitafuta.

Hapo ndipo pa kuogopa. Uongo mtupu hunuka mapema. Ukweli uliokatwa miguu hauna harufu.

Kwenye ukuta huu nguzo ya bluu ya mwaka wa mwisho ni fupi kama kigoda cha jikoni. Nyekundu inagusa mabati.

Batul ana miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Kambi Muru, kijiji jirani hapa Kibera, katika jamii ya Wanubi, na kazi hii alirithi kwa baba yake, aliyechora ng'ombe wa mabuchari na vichwa vya vinyozi mpaka mkono ulipoanza kutetemeka. Mzee huyo alimwachia ngazi, uzi wa chaki wa kupigia mistari, na sheria mbili.

"Ya kwanza, chini ya goti ni mali ya matope, usichore," Batul anasema. "Ya pili, herufi ambayo mtu anayekimbilia kazini hawezi kuisoma, usiiandike. Maandishi madogo hayalipiwi."

Ndiyo maana mkanda mweusi upo. Mvua ikinyesha, mtaro hurusha kila kitu ukutani, na rangi nyeusi humeza. Mteja akileta mchoro wenye vijimaneno chini, mchoraji wa Kibera huviruka na hakuna anayelalamika.

Siku hizi kuta ni chache. Mabango ya plastiki yanayochapishwa mjini yamekula kazi. Kinyozi akimwita, Batul hupata elfu moja na mia tano, na kuna wiki inayopita bila kinyozi wala buchari. Bintiye Sumaya yuko shule ya bweni, na kila muhula una meno.

Mwezi wa tatu, muhula ulikuwa umemng'ata. Sumaya alikuwa nyumbani kwa sababu ya karo siku alipofika kijana anayejiita Elvis, mwenye shati lililopigwa pasi na viatu visivyo na tope.

"Kibera, ukiona viatu visafi," anasema Batul, "ama mtu ameshuka gari sasa hivi, ama kuna anayembeba."

"Niaje auntie," kijana alisema. "Wewe ndio Batul wa mabango?"

"Ndio mimi. Sema."

"Nataka kuta mbili. Moja hapa, moja Kawangware. Ni ngapi?"

"Elfu ishirini," akasema, akijua atashushwa hadi kumi na mbili.

"Sawa."

Batul anasimulia hilo neno kama mtu anayeonyesha kovu. "Nilitaka kuamka niende zangu. Hapa hata anayenunua nyanya ya shilingi kumi anadai ya kuongezwa. Huyu anasema sawa? Lakini mtoto alikuwa amekaa pale kitandani na sare yake. Nikachukua kazi."

Alimuuliza namba ya simu aiweke upande gani. Kila mteja hutaka namba. Kuna kinyozi wa Mashimoni ambaye namba yake ni kubwa kuliko jina lake.

"Namba usiweke," Elvis akasema. "Watu wetu watakuwa mtaani."

Kisha akauliza jambo ambalo wakati ule lilionekana dogo. "Na ile mkanda nyeusi ya chini, auntie, huwa unaipandisha mpaka wapi?"

"Mpaka goti. Na hii mvua, goti na kidogo."

"Pandisha tu vizuri. Kazi isichafuke."

Batul akafikiri amepata mteja anayependa usafi.

Mchoro ulikuja kwa simu. Alipima, akapiga mistari kwa uzi wake wa chaki, akajaza nguzo. Chini ya mchoro kulikuwa na vijimaneno. Hakuvisoma. Hakuviandika pia; mahali pake alipaka mkanda mweusi, kama ambavyo baba yake angefanya. Kisha, kwenye kona ya kulia juu kidogo ya mkanda, akaweka sahihi yake ya siku zote: BATUL, MABANGO NA MAANDISHI, na namba yake.

Ikawa ndiyo namba pekee kwenye ukuta wa watu wasiotaka namba.

Asiyeishi mitaa hii huenda asielewe uzito wa ukuta. Karatasi hubandikwa usiku na kuchanika asubuhi, na kila mtu anajua ni ya waganga na wauza dawa ya kunguni. Kilichopakwa rangi ya mafuta kimelipiwa, na mwenye ukuta amekubali. Watu walisimama hapo na kubishana.

"Kumbe Waganda wako juu hivi?"

"Na sisi hapa tunajiita simba."

"Simba wa nyasi!"

Halafu wakaja vijana wa Vuka Ukue, wawili wawili, wakipita meza kwa meza. Maneno yao yalikuwa laini. Leteni hisa, tutazikopesha ng'ambo ambako mikopo inakua, baada ya miezi mitatu mnarudishiwa na nusu juu yake. Mama akisita, walinyoosha kidole ukutani. Si umeona na macho yako? Na si amechora mtu wenu?

Trizah, yule muuza omena, ni mweka hazina wa chama cha wanawake cha hapo. Walikuwa wameweka akiba tangu Januari ili Desemba kila mmoja apate cha kwenda nacho nyumbani na cha kufungulia shule. Walikubaliana wakutane Jumamosi, waite kijana wa kampuni, wampe yote.

"Hao vijana mimi sikuwaamini," Trizah anasema, akipepeta omena bila kuinua macho. "Nilimwamini Batul. Niliona namba yake pale. Nikasema, Mama Sumaya hawezi kuweka jina lake kwa upuzi."

Wakati huo simu za Batul zilikuwa zimeanza. Watu walidhani kampuni ni yake. Mmoja alimuuliza ofisi iko wapi. Mwingine alimuuliza kama anapokea hisa ya mia tano tano. Batul aliwajibu wote kwamba yeye ni brashi tu, na moyoni kitu kikaanza kumkwaruza. Kampuni gani hiyo inayotafutwa na watu na haitaki kupatikana?

Aliyefungua jicho la mtaa hakuwa na haja ya kutafuta chochote. Ni Wabwire, mume wa Trizah, fundi wa mawe aliyekuwa amekaa wiki kadhaa kwenye mjengo Kitengela. Kwao ni Busia, mguu mmoja Kenya, mwingine Uganda. Ijumaa jioni alishuka na mfuko wake wa vifaa, akasimama mbele ya ukuta, akasoma, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa mtaro.

"Baba Valentine, unacheka nini na sisi tuko serious?" mkewe akamuuliza.

"Hizi shilingi ni za wapi?"

"Shilingi ni shilingi," akajibu kijana mmoja aliyekuwa anakula mahindi.

"Ati shilingi ni shilingi? Wewe enda Busia uvuke na thao moja, elfu moja yetu. Watakupea karibu elfu ishirini na saba yao, ujione mkubwa, uanze kutembea na kifua. Halafu uitishe soda. Soda peke yake ni elfu na kitu! Utarudi huku mbio." Akajifuta machozi. "Gawa hiyo nyekundu kwa ishirini na saba muone itabaki nini."

Batul aliitwa kutoka Kambi Muru. Alikuja na brashi mkononi bila kujua anaitiwa nini. Wabwire alipomweleza, aliilaza brashi ya inchi tatu kwenye kitako cha nguzo nyekundu, ile ya mwaka wa mwisho iliyogusa mabati. Kwa kugawa vile, nguzo nzima iliishia hapo, kwenye upana wa brashi. Kigoda cha Kenya kikawa ndicho kirefu.

"Na hata kama ingekuwa kweli," Wabwire akaongeza, "hiyo ni nguzo ya mkopo. Jirani akikushinda na madeni, unamwonea wivu ya nini?"

Watu walicheka. Batul hakucheka. Alikuwa anatazama kona ya kulia, pale penye namba yake.

Jumamosi Elvis alikuja kwenye mkutano wa chama, viatu visafi vilevile. Akina mama walimrukia kwa maneno. Yeye hakutoa hata jasho. Alitoa simu, akaonyesha mchoro wa mwanzo, akaukuza kwa vidole. Chini kabisa, kwa herufi kama mchwa, paliandikwa: kila nchi kwa shilingi zake.

"Sisi hatukuficha kitu, wamama. Tuliandika," akasema. "Muulizeni mchoraji wenu kwa nini alikata."

Chumba kizima kikamgeukia Batul, aliyekuwa amekuja kusikiliza.

"Mama Sumaya," mmoja wa wale wanawake akauliza polepole, "hawa watu walikupea ngapi?"

"Hilo swali ndilo lililonichoma," anasema sasa, rangi nyeupe ikimkaukia vidoleni. "Kwa sababu pesa yao si nilikula? Nilikula. Ya kuchora. Na kukata ni kweli nilikata."

Je, Elvis alijua kwamba mchoraji wa Kibera atayakata maneno yale? Hakuna anayeweza kuapa. Gazeti hili lilimpigia simu mara moja akasema yuko kwenye kikao, na tangu siku hiyo namba haipatikani. Lakini mzazi mwenye akiba ndani ya nyumba na ajiulize kama Batul anavyojiuliza akiwa amelala macho wazi: mbona kijana aliuliza habari za mkanda kabla hajauliza habari za rangi? Mbona hakupunguza bei? Mtu anayeficha kwa mikono ya mwingine hubaki na mikono misafi, na viatu.

Chama cha Trizah hakikutoa pesa. Ila wanachama wawili walikuwa wametoa zao pembeni kabla ya mkutano, kwa siri, wakitaka kuwatangulia wenzao. Hawajaona chochote mpaka leo. Wakikutana na Batul njiani wanaruka mtaro, wapite upande wa pili.

"Hao siwalaumu," anasema. "Wao walisoma nilichoandika mimi."

Sumaya, bintiye, alimshauri abadilishe laini ya simu ili apate usingizi. Batul alikataa. "Nikibadilisha, watampigia nani? Hao wa Gatina namba wanayoiona ni hii tu."

Ukuta wa Gatina ni wa Kiragu, mwenye maduka ya kupangisha. Batul alikwenda na mkebe wake, akamkuta kwenye lango akimenya muwa kwa kisu.

"Mzee, naomba niandike maneno machache pale chini. Kwa mkanda tu."

"Ukuta umelipiwa mpaka Desemba."

"Si kwa picha. Ni kwa mkanda."

"Mkanda pia ni ukuta."

"Mzee, watu wataliwa."

"Watu wa Kawangware wako na macho."

"Basi niruhusu nifute namba yangu peke yake. Hiyo ni yangu, haikulipiwa."

Kiragu akatema makapi ya muwa. "Mama, ukigusa hapo na hiyo brashi, naita polisi."

Alipoulizwa na gazeti hili, Kiragu hakuona haya. "Mimi nakodisha ukuta," alisema. "Sikodishi akili."

Kwa hiyo ukuta wa Gatina unaendelea kusema. Batul ameomba kuta za jirani zinazoutazama. Kanisa lilisema litaliombea jambo hilo. Kinyozi alisema yuko tayari akilipiwa kodi ya miezi mitatu. Na siku zinasogea kuelekea mwisho wa mwezi, ambapo vijana wawili wawili watapita tena meza kwa meza, safari hii na mfuko.

Hapa Kisumu Ndogo, mwenye duka lililofungwa yuko kijijini na alimjibu kwa simu: andika. Na anaandika. NYEKUNDU NI SHILINGI ZA UGANDA. GAWA KWA 27 KWANZA. ULIZA KABLA HUJATOA. Neno la mwisho limefika karibu na ardhi kiasi kwamba kuku mmoja amekanyaga herufi. Akimaliza hapa, anasema, hatachora tena ukuta wowote bila kusoma kila neno la mteja, dogo na kubwa, na hatapokea kazi ya asiyetaka namba. Lakini hilo ni la kesho. La leo ni kupata mahali Gatina, hata pakiwa padogo kama meza.

Simu inalia tena.

"Haloo? Hiyo ni Vuka Ukue?" Sauti ni ya mwanamke, na nyuma yake mafuta ya kukaangia yanachemka. Batul anaiweka simu kwenye spika, brashi ikiwa mkono mwingine.

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyechora. Wewe ni nani?"

"Naitwa Nthenya. Nauza viazi hapa Gatina. Nataka kujua kama pesa naeza leta kidogo kidogo ama lazima iwe mara moja."

Batul anasimama. Magoti yake yana tope. "Hapo unapouzia ni wapi hasa?"

"Si hapa tu, naangaliana na hiyo ukuta yenu."

"Unaangaliana nayo? Una kibanda?"

"Niko nacho."

"Cha mbao au mabati?"

"Mabati. Kwani?"

"Mlango wake ni wa rangi gani?"

"Mama, mbona unaniuliza mlango na mimi nakuuliza pesa?"

"Nipe huo mlango nikuchoree. Niandike bei ya viazi vyako juu, kubwa, kila mtu aione. Na chini niandike maneno yangu machache."

Kijiko kinagonga sufuria. Mafuta yanachemka.

"Ni pesa ngapi?" Nthenya anauliza.

"Bure."

"Bure?" Sauti inapungua, kama mtu anayerudi nyuma hatua moja. "Hakuna kitu ya bure Nairobi hii. Wewe ni nani kwanza? Nani amekutuma? Na hiyo maneno ya chini inasema nini? Nisomee yote kabla sijakubali."

Trizah ameacha kupepeta. Batul anacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, kicheko kikavu.

"Hivyo hivyo, mama," anasema. "Hivyo hivyo waulize na wao. Sasa chukua kiti, nianze kukusomea."